Postikadi Zilizopita Posta Kutoka Belarus: Mwongozo Kamili wa Kuzikusanya

Anayeanza kukusanya postikadi za Belarus hugundua mapema kwamba nyingi kati ya zile nzuri kabisa hazina neno "Belarus" popote. Chukua mji mmoja tu, Brest, ulio mpakani na Polandi. Postikadi iliyotumwa kutoka huko mwaka 1910 ina stempu ya Milki ya Urusi. Ya mwaka 1916 ina muhuri wa posta ya jeshi la Ujerumani. Ya mwaka 1930 ina stempu ya Polandi. Ya mwaka 1970 ina nyundo na mundu wa Umoja wa Kisovieti. Ni ya mwaka 1992 na kuendelea tu ndiyo inayoweza kubeba stempu ya Jamhuri ya Belarus. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja: postikadi ya Belarus hutambuliwa kwa muhuri wa posta ulioigonga. Picha yake, lugha yake na bendera iliyo kwenye stempu huja baadaye.

Kanuni hiyo ndiyo inayofanya postikadi iliyotumika iwe na uzito kuliko ile safi. Postikadi ya picha ingeweza kuchapishwa Moscow, Warszawa au Ujerumani, ikauzwa popote. Muhuri ndio unaothibitisha kwamba siku fulani ilikuwa mikononi mwa karani wa posta wa Vitebsk au Pinsk. Wakusanyaji wanaozungumza Kirusi wana maneno mawili ya kutofautisha hali hizo, nawe utayahitaji sana: postikadi isiyoandikwa huitwa "чистая", yaani safi, na iliyotumwa huitwa "прошла почту", yaani iliyopita posta. Kati ya hizo mbili ipo ya tatu, "подписанная", ambayo imeandikwa ujumbe lakini haina stempu wala muhuri, kwa kuwa ilitiwa ndani ya bahasha au ilikabidhiwa mkononi. Hiyo ya tatu huuzwa mara kwa mara kana kwamba ilitumwa. Haikutumwa.

Hatua ya kwanza: Chagua kipindi kabla hujatoa shilingi

Ukijaribu kukusanya vipindi vyote kwa pamoja utaishia na sanduku la makaratasi yasiyosemezana. Ni bora uvijue vyote, kisha uchague kimoja au viwili.

Kipindi cha Milki ya Urusi ndicho cha kwanza. Urusi ilianza kutumia kadi za posta mwaka 1872, miaka michache tu baada ya Austria-Hungaria kuzizindua duniani tarehe 1 Oktoba 1869. Kadi za picha zilistawi mwanzoni mwa karne ya 20. Hadi mwaka 1904 ujumbe haukuruhusiwa upande wa anwani, kwa hiyo mtumaji alilazimika kubana maneno yake pembezoni mwa picha. Kuanzia hapo upande wa anwani uligawanywa mara mbili kwa mstari. Mwaka 1909 maandishi rasmi "Открытое письмо", yaani barua ya wazi, yalianza kuachwa na nafasi yake kuchukuliwa na "Почтовая карточка", yaani kadi ya posta. Mambo haya mawili, mstari na kichwa cha maandishi, yanatosha kukadiria umri wa kadi hata kama muhuri wake umefifia, mradi ukumbuke kwamba watu waliendelea kutumia kadi za zamani zilizobaki madukani.

Kisha inakuja Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia mwaka 1915 Wajerumani waliishika sehemu ya magharibi ya nchi, na askari wao walituma nyumbani kadi nyingi sana, ambazo zilisafiri bure kwa posta ya jeshi, "Feldpost". Leo hizi ni miongoni mwa kadi za zamani zilizo rahisi kupatikana, kwa sababu ziliishia katika nyumba za Ujerumani, ambako zilitunzwa katika albamu za familia. Mwandiko wa askari hao, hata hivyo, ni wa mtindo wa kale wa Kijerumani, ambao vijana wengi wa Kijerumani wa leo wenyewe hawausomi.

Mkataba wa Riga wa mwaka 1921 uliigawa nchi. Upande wa magharibi, wenye Brest, Grodno, Pinsk, Baranovichi na Lida, ukawa chini ya Polandi hadi mwaka 1939. Upande wa mashariki, wenye Minsk, Vitebsk, Gomel na Mogilev, ukabaki chini ya Wasovieti. Ukiwa mgeni kabisa wa uwanja huu, ningekushauri kipindi hiki ukiache kidogo. Kadi za Kipolandi za Pinsk na mitumbwi yake ya sokoni zinavutia, lakini washindani ni wengi, kwa kuwa Wapolandi nao wanazitafuta kama sehemu ya historia yao.

Kadi za uvamizi wa Wajerumani wa 1941 hadi 1944 waachie wabobezi. Stempu zenye maandishi "OSTLAND" au "UKRAINE" yaliyogongwa juu yake, majina ya maeneo ya utawala wa Wajerumani, zilitumika huko, mihuri ya kughushi ni mingi, na baadhi ya barua za wakati huo zilitoka kwa watu waliokuwa wakisubiri kuuawa. Sioni vizuri kuzigeuza kitu cha kujifunzia kazi.

Kipindi kirefu cha Kisovieti baada ya vita ndicho ninachompendekezea anayeanza. Kadi zake ni nyingi, bei zake ni nafuu, mihuri yake inasomeka, na jumbe zake ni za watu wa kawaida wanaosalimiana. Mwisho kuna kipindi cha uhuru, tangu 1991, ambacho kadi zake unaweza kutumiwa wewe mwenyewe, zikiwa na jina lako.

Hatua ya pili: Jifunze herufi na maneno machache

Huhitaji kujua Kirusi. Unahitaji kuisoma alfabeti ya Kisirili, kazi ya wiki moja kwa mtu mwenye nia, na kukariri maneno yasiyozidi thelathini.

Anza na majina ya miji mikuu sita ya mikoa, kila moja kwa Kirusi na kwa Kibelarusi, kwa sababu tofauti ya lugha husaidia kutambua wakati. Kwa Kirusi ni МИНСК, БРЕСТ, ВИТЕБСК, ГОМЕЛЬ, ГРОДНО na МОГИЛЕВ. Kwa Kibelarusi ni МІНСК, БРЭСТ, ВІЦЕБСК, ГОМЕЛЬ, ГРОДНА na МАГІЛЁЎ. Itazame herufi "і" yenye umbo la Kilatini na "ў" yenye kijikombe juu yake. Hiyo ya pili ni alama ya Kibelarusi ambayo Kirusi hakina kabisa. Ukiona kadi ya mwaka mpya iliyoandikwa "З Новым годам" badala ya "С Новым годом", umeshika kadi ya Kibelarusi, na hizo ni chache kuliko za Kirusi.

Ukiona jina la mji linaishia na herufi "ъ", kama МИНСКЪ au ВИТЕБСКЪ, hiyo ni tahajia iliyofutwa mwaka 1918, kwa hiyo muhuri huo ulichongwa enzi za Milki. Wakati huohuo kumbuka kalenda. Hadi mwanzoni mwa 1918 Urusi ilitumia kalenda ya kale, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 katika karne ya 20. Kadi yenye muhuri wa tarehe 25 Desemba 1907 kutoka Minsk kwa hesabu yetu ilitumwa tarehe 7 Januari 1908. Kadi za askari wa Kijerumani kutoka ardhi ileile zinafuata kalenda yetu, na ndiyo maana mtu asiyejua huweza kuzipanga kinyume.

Maneno ya anwani yanafuata. "Куда" ni kwenda wapi, "Кому" ni kwa nani, "ул." ni mtaa, "д." ni nyumba, "кв." ni namba ya makazi ndani ya jengo, "обл." ni mkoa, "р-н" ni wilaya na "дер." ni kijiji. Katika mpangilio wa Kisovieti mji hutangulia na jina la mtu huja mwishoni. Zaidi ya hapo, jina la mpokeaji hubadilika mwisho wake kwa sababu ya sarufi: "Петровой Анне" ni mama anayeitwa Anna Petrova. Wakusanyaji wengi wa kigeni wameandika katika madaftari yao majina ambayo hayakuwahi kuwapo duniani.

Mwandiko wa mkono ndio mlima halisi. Katika mwandiko wa Kirusi "т" hufanana na m ya Kilatini, "п" hufanana na n, "и" hufanana na u, na "д" hufanana na g. Tarehe nyingi za wakati wa Kisovieti zina mwezi kwa namba za Kirumi, kama 25/XII-74. Ukishayazoea haya, salamu za mwanzo na za mwisho zitaanza kujifungua zenyewe, maana watu husalimiana kwa maneno yaleyale kila mwaka.

Hatua ya tatu: Zitafute mahali pake

Njia ya bei ndogo ni kutumiwa. Mradi wa Postcrossing, ulioanzishwa Ureno mwaka 2005 na Paulo Magalhães, hukupa anwani ya mtu usiyemjua, unamtumia kadi, kisha mtu mwingine usiyemjua anatumiwa anwani yako. Huwezi kuchagua nchi, lakini kadi kutoka Belarus huja na namba inayoanza na BY, na ukishapokea moja unaweza kumwandikia mtumaji kwa adabu na kuomba mbadilishane moja kwa moja. Mwambie wazi kwamba unataka kadi iende bila bahasha, ikiwa na stempu na muhuri, kwa kuwa watu wengi wema hudhani wanakusaidia wanapoilinda kwa bahasha. Kwa upande wako, kadi ya Mji Mkongwe au ya twiga wa Mikumi, ikiwa na stempu nzuri ya Tanzania, ni malipo yanayokubalika sana. Andika anwani yako ya S.L.P. kwa herufi kubwa za Kilatini pamoja na jina la nchi, kwa sababu mtu wa Grodno hajazoea anwani isiyo na mtaa wala namba ya nyumba na anaweza kudhani umesahau. Katika kadi unazotuma wewe, usiguse siasa. Kadi husomwa na kila mkono unaoipitisha, na atakayeulizwa maswali ni yule mpokeaji.

Njia ya pili ni masoko ya mtandaoni. Delcampe ni soko la wakusanyaji lenye makao Ubelgiji, eBay inajulikana, Allegro ni ya Polandi na ndiyo yenye kadi za 1921 hadi 1939, Kufar na ay.by ni za Belarus kwenyewe, ingawa wauzaji wake wengi huuzia watu wa ndani na utahitaji rafiki aliye huko akupokelee.

Utafutaji wenyewe una mitego. Ukiandika "Brest" peke yake utazama katika maelfu ya kadi za Brest ya Ufaransa, bandari ya jeshi la majini. Andika "Brest-Litowsk" kwa kadi za Kijerumani, "Brześć nad Bugiem" kwa za Kipolandi na "Брест" kwa za Kisovieti. Ukiandika "Mińsk" kwenye soko la Kipolandi utaletewa Mińsk Mazowiecki, mji mdogo karibu na Warszawa. Kadi ya "Белорусский вокзал" ni ya stesheni ya reli iliyoko Moscow. Ilipewa jina hilo kwa sababu treni za kuelekea Belarus huondokea hapo. Wauzaji wengine huchanganya Khatyn, kijiji cha Belarus kilichochomwa moto pamoja na watu wake tarehe 22 Machi 1943 na kujengewa ukumbusho mwaka 1969, na Katyn, msitu ulioko Urusi ambako maofisa wa Kipolandi waliuawa mwaka 1940. Tofauti ni herufi moja tu, na ni matukio mawili yasiyohusiana.

Njia ya tatu iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walisoma katika Umoja wa Kisovieti, na wapo wazee wenye masanduku ya barua walizoletewa na wanafunzi wenzao baada ya kurudi nyumbani. Waulize kwa heshima, na usianze kwa kutaja bei. Mzee akikuonyesha kadi zake, ziangalie hapohapo mbele yake, mwache asimulie, na uombe tu zile ambazo mwenyewe amesema hazihitaji tena.

Hatua ya nne: Kagua kabla ya kulipa

Dai picha ya pande zote mbili. Muuzaji anayeonyesha upande wa picha pekee anakuuzia mbuzi kwenye gunia, hata kama nia yake ni safi. Nilishawahi kununua kadi tano za Gomel kwa mtu mmoja aliyeonyesha majengo tu, na zilipofika tatu kati yake zilikuwa zimebanduliwa stempu, zimebaki na pembe tupu yenye nusu duara ya muhuri. Mkusanyaji wa stempu alizipitia kabla yangu. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuuliza.

Angalia kwanza kama muhuri umekamata stempu na karatasi kwa pamoja. Wino unapaswa kuvuka ukingo wa stempu bila kukatika. Ukikatika, huenda stempu iliongezwa baadaye. Kisha linganisha tarehe tatu: ya muhuri, ya mwandiko, na ya uchapishaji. Kadi za Kisovieti husaidia sana hapa, kwa sababu chini ya upande wa anwani zina maandishi madogo ya kiwandani yanayotaja mchapishaji, mpiga picha ("Фото"), idadi ya nakala ("Тираж") na bei ("Ц."), na mara nyingi mwaka. Kadi iliyochapishwa 1978 haiwezi kuwa na muhuri wa 1971. Ikiwa nayo, irudishe.

Kuhusu hali ya kadi, usiwe mkali kupita kiasi. Pembe zilizolainika na alama za wino wa mashine za posta ni ushahidi wa safari. Ninachokataa ni madoa ya ukungu, kwa kuwa huambukiza kadi nyingine, pamoja na mikunjo iliyovunja picha na gundi ya albamu iliyong'oa maandishi.

Hatua ya tano: Malipo na safari ya kadi

Sehemu hii hubadilika, hivyo ichunguze upya kila unaponunua. Baadhi ya benki za Belarus ziliondolewa mwaka 2022 katika SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumia kutumiana maagizo ya malipo, na huduma za posta kati ya nchi na nchi husimamishwa na kurejeshwa. Kabla ya kutuma fedha, uliza ofisi ya posta ya kwenu kama inapokea barua kutoka Belarus, na mwulize muuzaji analipwaje. Wauzaji walioko Polandi, Lithuania na Ujerumani huwa rahisi zaidi kuwalipa, na kwa kadi za kabla ya 1939 ndio wenye bidhaa hata hivyo. Kwa kadi ya zamani iliyoko Belarus, muuzaji ndiye aulize forodha ya kwao kama inaruhusiwa kutoka. Agiza barua ya rejista. Namba yake itakuwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha BY mwishoni, na utaifuatilia mpaka ifike.

Hatua ya sita: Isome kadi

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, nami nitakaa kidogo. Mbele yangu ipo kadi moja ya mwaka mpya. Picha yake ni ya sungura akiburuta mti wa msonobari juu ya theluji. Imechapishwa Moscow na haina chochote cha Belarus. Naigeuza. Muhuri wa kuondokea unasema ВИТЕБСК, 27 12 74. Pembeni kuna muhuri wa pili, hafifu, wa ГРОДНО, 30 12 74, uliogongwa kadi ilipofika. Siku tatu, kutoka kaskazini-mashariki ya nchi hadi magharibi yake. Chini kushoto mtumaji amejaza namba ya posta ya tarakimu sita kwa kufuata vijidoti, ikianza na 230, ambayo ndiyo ya Grodno. Minsk ni 220, Vitebsk 210, Mogilev 212, Brest 224 na Gomel 246. Amekosea tarakimu moja na kuirudia kwa wino mzito. Tarehe aliyoandika mwenyewe ni 25/XII-74, kwa hiyo kadi ilikaa siku mbili mezani au mfukoni kabla ya kupelekwa posta. Ujumbe unawatakia wapendwa wake afya, unaeleza kwamba theluji bado haijaanguka sawasawa, na unauliza kama kifurushi cha soksi kilifika. Hakuna jambo kubwa. Lakini sungura wa Moscow sasa ni wa Vitebsk, na hakuna mwingine kama yeye.

Fanya hivyo kwa kila kadi, kwa mpangilio uleule: muhuri, stempu, anwani, tarehe, ujumbe, halafu picha mwisho kabisa. Kadi zisizo na muhuri unaosomeka zina njia nyingine za kuzipa umri. Minsk ni rafiki mkubwa wa mkusanyaji, kwa kuwa barabara yake kuu imebadilishwa jina mara kadhaa. Ilikuwa barabara ya Stalin hadi 1961, ikawa ya Lenin, mwaka 1991 ikapewa jina la Francysk Skaryna, mchapishaji wa vitabu wa karne ya 16, na tangu 2005 ni barabara ya Uhuru. Kadi inayoonyesha sanamu ya Stalin katika uwanja wa kati wa mji ilipigwa picha kati ya 1952 na 1961. Ikionyesha treni za chini ya ardhi, si kabla ya 1984. Ikionyesha Maktaba ya Taifa, ile kama almasi iliyochongwa pande nyingi, ni ya 2006 na kuendelea. Ngome ya Brest yenye ukumbusho wake mkubwa wa zege ni ya 1971 au baadaye.

Kwa kadi za uhuru, stempu ndiyo kalenda. Stempu ya kwanza ya nchi, ya Machi 1992, ilionyesha msalaba wa Mtakatifu Euphrosyne wa Polotsk, kazi ya sonara ya mwaka 1161 iliyopotea wakati wa vita mwaka 1941. Nembo ya mpanda farasi mwenye upanga, iitwayo Pahonia, ilikuwa nembo ya taifa kati ya 1991 na 1995 tu. Kwa hiyo kadi rasmi yenye nembo hiyo ina dirisha dogo la miaka. Kisha tazama thamani. Fedha ya Belarus ilipunguzwa sifuri tatu mwaka 2000 na sifuri nne tarehe 1 Julai 2016, hivyo stempu yenye maelfu ya rubli ni ya kabla ya tarehe hiyo ya 2016. Baadhi ya stempu hazina thamani kabisa, zina herufi tu ya kiwango cha gharama. Hizo zitegemee muhuri.

Hatua ya saba: Zihifadhi, hasa ukiwa pwani

Ushauri mwingi wa kuhifadhi karatasi umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Kadi iliyovumilia miaka mia moja ya majira ya baridi ya Belarus inaweza kuharibika Dar es Salaam au Mombasa katika masika mawili. Adui wa kwanza ni unyevu, ambao huleta ukungu na kuibandua stempu. Wa pili ni wadudu, yaani mchwa, mende, na wale wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda gundi ya stempu kuliko karatasi yenyewe.

Weka kila kadi katika mfuko wake wa plastiki ya polipropilini au poliesta. Ile plastiki laini yenye harufu kali, PVC, hutoa kemikali inayokula wino. Kadi za zamani za Urusi na za Kijerumani zina ukubwa wa takriban sentimita 9 kwa 14, na za sasa ni 10.5 kwa 14.8, hivyo nunua mifuko ya saizi mbili. Panga mifuko hiyo wima ndani ya boksi lenye mfuniko, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu kama vile vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila baada ya miezi michache. Boksi likae juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na sakafu, na lifunguliwe siku za kiangazi lipate hewa.

Mambo matatu usiyafanye hata ukishauriwa na fundi. Usiitie kadi laminesheni. Kwetu kila cheti hutiwa laminesheni, lakini joto la mashine ile huunguza wino wa muhuri na kadi haitatoka tena humo. Usitumie albamu zenye kurasa za gundi. Usibandue stempu. Namba ya utambulisho iandike kwenye mfuko, na ikibidi iwe kwenye kadi, tumia penseli laini pembeni.

Hatua ya nane: Daftari

Kwa kila kadi andika namba, mji wa muhuri kwa herufi za asili na za Kilatini, tarehe ya kuondoka na ya kufika, stempu, lugha ya ujumbe, ulikoipata na gharama yake. Piga nakala ya kidijitali ya pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, ili uweze kukuza muhuri bila kuigusa kadi tena. Tarehe za kabla ya Februari 1918 ziandike mara mbili, ya kalenda ya kale na ya kwetu, na ukiziandika mara moja tu utajutia siku utakayotaka kupanga safari ya kadi kutoka Berlin hadi Minsk na kukuta imefika kabla haijaondoka.

Ukitaka kuonyesha mkusanyiko wako kwa wengine, funika majina na anwani za kadi za miaka ya karibuni. Mama aliyekutumia picha ya kasri la Mir mwaka jana bado anaishi katika nyumba ileile, ghorofa ileile, na alikupa anwani yake wewe.

Boksi likishafika kadi hamsini hivi, zitandaze zote mezani kwa mpangilio wa mihuri, uone ni mji gani umekosekana. Kwangu ni Mogilev wa kabla ya 1918. Nimeipata mara mbili, na mara zote mbili stempu ilikuwa imebanduliwa.